Uzuri wa Injini ya Ndege Katika Picha

Najua ukisikia neno "sanaa" unawaza ushairi, nyimbo na labda vinyago. Mimi nataka nikuonyeshe sanaa katika injini ya ndege. Usicheke kwanza, soma.

Kwetu Isiolo ndege si kitu kigeni. Mwaka wa 2020 nzige wa jangwani walipovamia malisho yetu, ndege za kunyunyizia dawa zilitumwa kuwakabili. Wenzangu walipenda mabawa. Mimi nilipenda pua.

Hebu tuanze na ndege ndogo iitwayo Cessna Caravan, ambayo hutua sana katika viwanja vya vumbi. Injini yake ni PT6 ya Pratt & Whitney Canada. Ajabu yake, hewa huingia kwa nyuma ya injini kisha huja mbele, kinyume na vile mtu angedhani. Bomba la moshi liko chini ya pua, na chuma chake kwa kuchomwa kila siku hugeuka rangi: kahawia, samawati, hata zambarau. Picha ni hiyo! Sogea mpaka rangi ijaze fremu, usihangaike kuonyesha ndege nzima. Lakini injini iwe imezimwa na kupoa, nawe uwe umepewa ruhusa na rubani na wasimamizi wa kiwanja.

Rafadha, yaani lile panga la mbele, likizunguka ukae mbali. Hapo kuna hesabu kidogo. Katika Caravan kasi yake ya juu ni mizunguko 1,900 kwa dakika, karibu 32 kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, panga husogea nyuzi 11 tu, nayo ndege huonekana kama imezimika angani. Ifungue kwa sehemu moja ya 125, panga husogea nyuzi 91 na utapata duara la ukungu lenye uhai. Ukitumia simu, mapanga huweza kupinda kama ndizi, kwa sababu simu nyingi husoma picha mstari kwa mstari huku panga linaendelea kukimbia. Wengine huona ni kasoro. Mimi naipenda.

Sasa niwaambie ubishi wa nyumbani. Mjomba wangu ni fundi wa magari, na ndiye anayenilipia karo, kwa hivyo neno lake si dogo. Aliniambia, "Wee mtoto, injini ni ya kazi, si ya kuangaliwa. Hizo picha zitakulisha?" Nikamjibu kwa adabu, "Mjomba, chombo cha maziwa cha nyanya pia ni cha kazi, mbona amekipamba kwa kauri?" Akasema, "Kauri haziongezi maziwa. Kwa injini hakuna pambo hata moja."

Kusema kweli alinibana. Lakini nilipofikiri niliona amenisaidia. Panga la injini ya GE90-115B, ile ya Boeing 777-300ER, limejipinda vile kwa ajili ya hewa peke yake. Limeundwa kwa nyuzi za kaboni, na ukingo wake wa mbele ni wa titani. Hakuna aliyekusudia kulirembesha. Hata hivyo panga moja la aina hiyo limehifadhiwa katika jumba la sanaa za kisasa la MoMA, New York. Nazo Boeing 787 za Kenya Airways, zilizoanza kufika 2014, ganda la injini zao limekatwa meno meno kwa nyuma kama msumeno. Meno hayo ni ya kupunguza kelele, lakini jua la jioni likiyapiga, we!

Nilimwonyesha mjomba picha ya hilo panga. Aliitazama kitambo, akauliza lina uzito gani. Nyanya akasema ni kama pembe ya tandala.

Mwisho, juu ya mwanga. Usipige picha saa sita mchana kwetu: joto la lami hufanya hewa icheze na picha hutoka kama imelowa maji. Nenda saa kumi na mbili unusu asubuhi, ukiwa na kitambaa safi cha kufutia lenzi vumbi.