Jirani Kauza kwa Ngapi? Namna ya Kupanga Bei ya Nyumba Yako

Umeamua kuuza nyumba. Kabla hujamwita dalali, kuna mtu amekwisha kukupangia bei bila wewe kujua: jirani aliyeuza yake miezi michache iliyopita. Mnunuzi makini akitafuta nyumba Kimara, Tabata au Kigamboni, haji kwako moja kwa moja. Anazunguka, anauliza mtaa mzima unauzwaje, na anapogonga geti lako tayari ana bei yake kichwani. Ukimtajia iliyo mbali sana na hiyo, ataaga kwa adabu na hutamwona tena.

Wenye nyumba wengi hupanga bei kwa njia nyingine. Wanajumlisha kiwanja, matofali, mifuko ya saruji, bati, ufundi, na miaka yote ya kujenga kidogo kidogo. Hesabu hiyo ina kazi yake, tutaifikia kwenye kodi, ila mnunuzi haimhusu. Ukiwa umejenga ghorofa la milioni 300 kwenye mtaa ambao nyumba zinatoka kwa milioni 90, mwenye milioni 300 hata hapiti mtaa huo. Ni vigumu kulikubali hili ukiwa umesimamia ujenzi mwenyewe, lakini ndivyo soko lilivyo.

Sasa utajuaje majirani waliuza kwa ngapi? Uingereza kuna ofisi ya serikali inayochapisha bei za nyumba zilizouzwa England na Wales tangu 1995, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Tanzania mwananchi hana daftari la wazi la namna hiyo, kwa hiyo itakubidi utembee na kuuliza. Anza na walionunua, kwa sababu hao ndio waliotoa fedha na wanaikumbuka kila shilingi. Aliyeuza naye muulize, ila jibu lake lipokee kwa tahadhari: wapo wanaotia chumvi ili waonekane wameuza vizuri, na wapo wanaopunguza ili ndugu wasije kuomba mgawo.

Kisha waone madalali, wasiopungua watatu, kila mmoja peke yake. Dalali mara nyingi anaweka cha juu, yaani nyongeza anayoipachika juu ya bei ya mwenye nyumba ili aichukue yeye. Usimuulize nyumba ile ilikuwa inauzwa kwa ngapi. Muulize ilifungwa kwa ngapi. Bei ya kufunga ndiyo iliyolipwa, nayo ndiyo unayoitafuta. Bei za mabango, Instagram na magrupu ya WhatsApp, zile zinazomalizikia na maneno "maongezi yapo", ni matumaini ya muuzaji tu. Zitakuonyesha wengine wanaomba nini leo, na zaidi ya hapo hazithibitishi kitu. Usishangae wakati wa kuulizia huku ukikuta ukuta umeandikwa "Nyumba hii haiuzwi". Matapeli wameuza nyumba za watu, na wenyewe wanajihami.

Ofisi ya serikali ya mtaa nayo ina habari, hasa kwenye maeneo ambayo hayajapimwa, kwani mauziano mengi huandikwa pale mbele ya mwenyekiti na mashahidi. Hapa kuna mtego mmoja. Bei iliyoandikwa kwenye karatasi mara nyingine si ile iliyolipwa, maana wapo wanaoandika pungufu ili kodi iwe ndogo. Ukisikia milioni 90 mdomoni na 50 kwenye karatasi, usichukue ya karatasi bila kuuliza zaidi.

Kila ukipata bei, ulizia na mambo yaliyoizunguka. Nyumba iliuzwa lini? Bei ya miaka mitatu iliyopita haikusaidii sana. Tafuta zilizouzwa ndani ya mwaka mmoja. Fedha zililipwa kwa mkupuo au kwa awamu? Anayelipa kwa awamu hukubali bei kubwa zaidi kwa sababu amepewa muda. Nyumba ilikuwa na karatasi gani: hati ya wizara, yaani hati miliki kamili, au leseni ya makazi, au mauziano ya serikali ya mtaa peke yake? Na je, aliuza kwa nini? Swali hili la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linaloeleza bei nyingi za ajabu. Warithi wanaotaka kugawana wiki hii, mwenye mgonjwa hospitalini, kaka anayemwuzia mdogo wake: wote hao huuza chini ya soko. Upande wa pili, mwenye kituo cha mafuta anayetaka kiwanja kinachopakana na chake anaweza kulipa bei ambayo hakuna mwingine atakayeifikia. Bei za namna hiyo ziandike kwenye daftari lako, kisha zikate kwa mstari.

Vivyo hivyo na nyumba iliyouzwa mnadani na benki kwa sababu ya deni. Mnada una haraka yake, na bei yake kwa kawaida huwa ya chini. Hata hivyo Sheria ya Ardhi ya Tanzania inaangalia bei za jirani hapo pia: nyumba ya rehani ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa zile zinazofanana nayo sokoni, sheria inachukulia kuwa mkopeshaji hakutimiza wajibu wake wa kutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo kama ni nyumba yako inayopelekwa mnadani, orodha ya bei za majirani ni ushahidi wa kumpelekea wakili.

Ukibakiwa na nyumba tatu au nne zinazofanana na yako, zisawazishe. Maana yake ni kujiuliza: nyumba ile ingekuwa kama yangu kabisa, ingeuzwa kwa ngapi? Kitu walichokuwa nacho wao na wewe huna, kitoe kwenye bei yao. Ulichonacho wewe na wao hawakuwa nacho, kiongeze.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kujifunzia tu. Nyumba yako ina vyumba vitatu, kimoja masta, kwenye kiwanja cha mita za mraba 400, ina fensi, na karatasi yake ni mauziano ya mtaa. Ardhi tupu mtaani inauzwa kama shilingi 100,000 kwa mita moja ya mraba. Nyumba ya kwanza ilifungwa kwa milioni 95, kiwanja sawa na chako, ila ina hati ya wizara. Ukikadiria kuwa kupima, kufuatilia hati na usumbufu wake wanunuzi wanauthamini kwa milioni 8, unabaki na 87. Nyumba ya pili ilitoka kwa milioni 80, kiwanja mita 350, haina fensi. Mita 50 zilizopungua ni milioni 5, fensi nayo milioni 5, unapata 90. Ya tatu iliuzwa milioni 120, kiwanja mita 600, na uani kulikuwa na banda la wapangaji. Toa milioni 20 za ardhi iliyozidi na milioni 8 za banda, zinabaki 92. Kumbe bei tatu zilizoonekana kupishana kwa milioni 40 zinasema karibu kitu kimoja: yako iko kati ya milioni 87 na 92.

Kabla ya hesabu hiyo, pima kiwanja kwa futi kamba. Viwanja vingi Dar es Salaam vimeuzwa kwa hatua za miguu, ishirini kwa ishirini, na miguu ya watu hailingani. Mita 30 za mraba zikikosekana, kwa bei ya mfano wetu ni milioni 3.

Jirani wa karibu zaidi si lazima awe ndiye wa kulinganisha naye. Nyumba mbili zinaweza kutenganishwa na uchochoro mmoja, moja gari linafika mlangoni, ya pili mgonjwa anabebwa hadi barabarani. Moja iko mwinuko, ya pili inaingiwa na maji kila masika. Walio karibu na bonde la Msimbazi wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Au moja imo ndani ya hifadhi ya barabara. Mwaka 2017, nyumba zilizokuwa kwenye hifadhi ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara zilibomolewa kupisha upanuzi, na tangu hapo mnunuzi wa upande ule anauliza mipaka kabla ya kuuliza vyumba. Kama barabara iliyo mbele yako ni kuu, ulizia TANROADS. Kama ni ya mtaani, TARURA. Uliza mwenyewe kabla mnunuzi hajaenda kukuulizia.

Je, unahitaji mthamini? Mthamini ni mtaalamu aliyesajiliwa wa kukadiria thamani ya mali, na kazi yake inasimamiwa na sheria ya 2016. Kwa kiasi kikubwa hufanya hayo hayo uliyoyafanya, ila kwa ukaguzi na kwa kumbukumbu nyingi kuliko zako. Kama nyumba yako ina hati, uhamisho wa umiliki utahitaji taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kwa hiyo tangu mwanzo mwambie mthamini wako kuwa unataka taarifa ya kutumika kwenye uhamisho, usije ukalipia kazi mara mbili. Mwombe akuandikie gharama zote, na uulize kama ada ya serikali imo. Kupata mthamini aliyesajiliwa, uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri yako.

Sasa kodi, maana nayo inafuata bei za jirani. Mkazi wa Tanzania akiuza nyumba hulipa TRA asilimia 10 ya faida. Asiye mkazi kwa mujibu wa kodi, mfano Mtanzania aliyehamia Marekani kwa miaka mingi, hulipa 20. Faida ni bei uliyouza, ukitoa ulichonunulia na ulichotumia kujenga na kuboresha. Hapa ndipo zile risiti za saruji zinapopata kazi. Ukiuza kwa milioni 90, na una ushahidi wa milioni 60, faida ni 30 na kodi ni milioni 3. Usipokuwa na kumbukumbu za gharama, mabadiliko ya sheria ya 2023 yanamtoza mkazi asilimia 3 ya bei ya kuuza au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Soma tena maneno hayo. Ukiuza kwa milioni 90, na mthamini akaona wenzako wanauza kwa 110, kodi yako itapigwa kwenye 110. Anayeandika mkataba wa uongo wa milioni 50 hajakwepa kitu, na mnunuzi akimgeuka, mahakamani atakuwa na karatasi ya 50.

Kuna msamaha: nyumba uliyoimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, ukaishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida isizidi milioni 15, haitozwi kodi hiyo. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1 ya bei, kwa desturi hubebwa na mnunuzi. Sheria ya fedha hupitishwa kila Juni na kuanza Julai, hivyo thibitisha viwango TRA mwaka unaouza.

Gharama nyingine ni za watu. Madalali wengi huanza kwa kudai asilimia 10. Hiyo inazungumzika, na iandikwe kabla hajamleta mteja, pamoja na sharti kwamba haweki cha juu. Baadhi ya ofisi za mtaa nazo hudai asilimia 10 ya bei. Waombe kwa upole wakuonyeshe sheria inayowaruhusu, na usitoe fedha isiyo na risiti ya serikali. Na kama ni nyumba ya ndoa, mwenzi wako lazima aridhie, hata jina lake lisipokuwa kwenye hati.

Kwenye mfano wetu, tangaza milioni 95 na moyoni uwe na 88. Ukitangaza 130 ili "upunguze baadaye", nyumba itakaa, madalali wataizoea, na kila mgeni atauliza ina tatizo gani. Miezi mitatu ikipita na watu wanakuja kuangalia lakini hakuna anayetaja bei, rudi kwenye daftari lako uone kama kuna jirani aliyeuza katikati.

Mnunuzi akiwa na mkopo, benki yake itatuma mthamini wa kwake. Mkikubaliana 90 naye akaandika 80, benki itakopesha kwa kuangalia 80, na mnunuzi atakuomba ushuke. Usigombane. Siku mthamini anapokuja kukagua, mpe orodha ya zile nyumba tatu ulizolinganisha: zilipo, zilifungwa lini, kwa ngapi, na ukubwa wa viwanja. Anaruhusiwa kuikataa, ila atakuwa na sababu ya kwenda kuziangalia.