Matambara ya mitumba nayo ni mtaji

HADITHI aliyoipokea Imam Muslim inaeleza kuwa Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la chakula. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye.

Kila aliyewahi kufungua belo la mitumba pale Ilala anaielewa hadithi hii vizuri. Juu mashati, chini matambara. Leo tuyazungumze hayo matambara, kwani wapo ndugu zetu, hasa vijana na akina mama, wanaoyakusanya na kuyageuza bidhaa, na wengi wao wanakwama mapema.

Kazi yenyewe si mpya. Mwaka 1813 huko Batley, Uingereza, Benjamin Law alianza kuchambua nguo kuukuu za sufu na kusokota nyuzi zake upya. Baadaye Prato nchini Italia na Panipat nchini India zikawa miji mikubwa ya kazi hiyo. Watu wa Prato hupanga sufu kwa rangi, nyekundu na nyekundu, kijani na kijani, ili uzi ukitoka usihitaji kutiwa rangi upya. Maji na dawa huokolewa, gharama hushuka. Faida yote hiyo imetoka kwenye macho na mikono kabla mashine haijawashwa!

Basi anayeanza, aanze na kuchambua. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti, mbali na marundo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, na ikipoa huwa kitone kigumu. Nguo ya mchanganyiko huonyesha dalili mbili pamoja, nayo ndiyo yenye taabu, kwani kuzitenganisha nyuzi zake si kazi ya karakana ndogo.

Pamba hunyonya mafuta. Ikatwe vipande, vifungo na zipu zitolewe, iuzwe gereji na kwa wachapaji. Ukimchanganyia fundi poliesta, itasambaza mafuta badala ya kuyanyonya, naye hatarudi kwako. Huo ndio unyevu wa chini ya rundo.

Tusitegemee mitumba peke yake. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa sokoni. Marekani ikapinga, na mwaka 2018 ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda iliyoshikilia msimamo. Mwenye karakana Tandika hakuulizwa na upande wowote. Vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani vipo hapa hapa, ni vipya, na fundi anajua ni kitambaa gani.

Anayetaka kuuza nje ajue kuwa mnunuzi wa huko hutaka ushahidi. Kiwango kiitwacho Global Recycled Standard hutaka bidhaa iwe na angalau asilimia 20 ya malighafi iliyorejelezwa, na asilimia 50 ndipo ibandikwe nembo yake. Bila daftari la mzigo umetoka wapi na ulikuwa kilo ngapi, hata mkaguzi asiitwe. Na Muislamu hana udhuru katika hili, kwani aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni.

Gharama za ukaguzi ni kubwa kwa mtu mmoja, hivyo karakana kadhaa ziungane. Mtaji nao usitafutwe kwenye riba. Ipo mudharaba: mmoja hutoa fedha, mwingine kazi. Faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana. Hasara ya fedha humwangukia mwenye fedha, isipokuwa mfanyakazi amefanya uzembe au amevunja masharti. Masharti hayo yaandikwe, mbele ya mashahidi, kabla ya mzigo wa kwanza kununuliwa.