Kuchagua Jiko la Kubanikia kwa Ua Mdogo

Nyumba nyingi za mijini zina ua wenye upana wa hatua chache tu: upande mmoja ukuta wa jirani, upande wa pili bafu na tangi la maji, na katikati kamba ya kuanikia nguo. Hata hivyo mwenye nyumba akipata fedha kidogo hutamani jiko la kubanikia nyama au samaki, naye huenda kwa mafundi wa chuma na kuchagua kwa jicho: lile kubwa, lenye magurudumu na rangi nyeusi ya kung'aa. Mwandishi wa makala haya alifanya kosa hilo hilo. Alipokuwa akifundisha mkoani Tanga alinunua nusu pipa lililolazwa juu ya miguu minne, akaliweka pembeni mwa ua. Jumapili ya kwanza tu jirani yake, mama mtu mzima, alimjia na shuka mkononi akasema, "Mwalimu, usiku huu mimi nalala na samaki wako." Jiko lile halikuwa bovu. Halikufaa mahali pale, na sababu zake zote zimo katika masomo ya fizikia na kemia yafundishwayo katika shule za sekondari.

Tuanze na hesabu ya nafasi. Pipa la lita 200, lile la mafuta lijulikanalo na kila fundi, lina kimo cha sentimita 88 hivi na kipenyo cha sentimita 58 hivi. Likipasuliwa kwa urefu na kulazwa, hufunika eneo la 88 × 58, yaani sentimita za mraba 5,104, au nusu ya mita ya mraba. Likisimamishwa, kitako chake ni duara la 3.14 × 29 × 29, yaani sentimita za mraba 2,641 tu. Pipa lile lile, likisimama, huchukua nusu ya ardhi. Tena ndani yake zaweza kuwekwa nyavu tatu, moja juu ya nyingine, zenye jumla ya eneo linalokaribia sentimita za mraba 7,900, ambapo nusu pipa lililolazwa lina wavu mmoja tu. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili kwa kupima pipa lolote lililo karibu na shule.

Je, nyavu za juu zitapata joto la kutosha? Hapa yatupasa kukumbuka njia tatu za kusafiri kwa joto. Mpitisho ni joto lipitalo ndani ya kitu kigumu, kama vile chuma cha wavu kinavyoacha mistari myeusi juu ya nyama. Myuko ni joto lichukuliwalo na hewa au maji yanayosogea. Mnururisho ni joto litokalo moja kwa moja kwenye makaa mekundu bila kuhitaji hewa ya kulibeba. Juu ya jiko la wazi nyama hupikwa hasa kwa mnururisho, na mnururisho una tabia moja ambayo wapishi huijua kwa mikono na wanafizikia kwa hesabu: nguvu yake hufuata kipeo cha nne cha halijoto halisi, kama alivyoonyesha Stefan mwaka 1879. Makaa ya nyuzi 700 za sentigredi yana halijoto ya Kelvini 973. Yakipoa hadi nyuzi 600, ni Kelvini 873. Gawanya 873 kwa 973, kisha zidisha jibu kwa lenyewe mara nne, utapata karibu 0.65. Makaa yamepoteza nyuzi 100 tu, lakini zaidi ya theluthi moja ya mnururisho imekwisha. Ndiyo maana mpishi wa mishikaki hashiki kipepeo kwa mapambo.

Pipa lililosimama hutumia zaidi myuko. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda, hupita wavu kwa wavu, na kila wavu huipunguzia joto kidogo. Wavu wa chini hupata nyuzi nyingi na wa juu hupata chache, kwa hiyo lazima mpishi azibadilishe nafasi. Wanawake wakaushao samaki huko Chorkor, kando ya jiji la Accra nchini Ghana, wanaijua kazi hiyo vizuri. Tanuri lenye jina la kijiji hicho lilibuniwa kuanzia mwaka 1969 kwa ushirikiano wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na watafiti wa chakula wa Ghana. Ubunifu wake ni rahisi hata mtu hushangaa kwamba haukufikiriwa mapema: matrei ya mbao yenye nyavu hupangwa moja juu ya jingine, na fremu zake zikikutana huwa ndizo kuta za dohani. Idadi ya samaki ikiongezeka, dohani hurefuka yenyewe, na ardhi inayotumika haiongezeki. Mwenye ua mdogo anayetaka kukausha samaki kwa moshi hana budi kulifikiria umbo hili kabla ya jingine lolote.

Lakini anayebanika mishikaki ya watu watano mara moja kwa wiki hahitaji tanuri wala pipa. Jiko dogo la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani yake, la aina iliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980 na kisha nchi jirani, likiwekewa wavu mpana kidogo litamtosha. Udongo hupitisha joto polepole kuliko bati. Kwa hiyo joto hubaki ndani, na ubavu wa nje hauwi mkali kama wa jiko la bati tupu. Katika ua ambamo watoto hupita wakikimbia, sifa hiyo ina thamani kuliko magurudumu na rangi.

Jambo linalopuuzwa zaidi wakati wa kununua ni njia ya hewa. Mnamo mwaka 1952 fundi mmoja wa Marekani, George Stephen, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers jirani na Chicago, alichoshwa na upepo uliopeperushia majivu juu ya nyama yake. Akachukua maboya ya chuma yaliyotengenezwa kiwandani hapo, akafanya nusu ya chini kuwa jiko na nusu ya juu kuwa kifuniko. Husimuliwa kwamba alipolifunika mara ya kwanza moto ulizimika, mpaka jirani alipomshauri atoboe matundu. Iwe ndivyo ilivyokuwa au hadithi imetiwa chumvi, fizikia yake ni ya kweli, nayo yaweza kuonyeshwa darasani kwa senti chache. Washa mshumaa mfupi juu ya meza, uufunike kwa kioo cha kandili kilicho wazi juu, na uzibe ukingo wa chini kwa udongo wa mfinyanzi. Mwali utayumba, utafifia, kisha utazimika, ingawa juu pako wazi. Washa tena, safari hii ukikiinua kioo juu ya vijiti viwili. Mwali utasimama wima na kung'aa. Hewa ya moto haiwezi kutoka vizuri ikiwa hewa baridi haina mlango wa kuingilia.

Basi, unapokagua jiko lenye kifuniko, tafuta tundu la chini na tundu la juu, yote mawili yenye kifungio kinachosogea. Tundu la chini hutawala ukali wa moto. La juu huondoa moshi uliozeeka, ambao ukikwama hufanya nyama kuwa chungu. Kazi ikiisha, ziba yote mawili: moto utakosa oksijeni na mkaa uliobaki utatumika tena kesho. Mkaa uzimwao kwa maji hupasuka na huchelewa kushika moto. Kwa mwenye kununua mkaa kwa kopo, hasara hiyo huonekana upesi.

Mafuta nayo yasisahauliwe. Tone la mafuta ya nyama likianguka juu ya kaa jekundu huvunjika kwa joto na kutoa moshi mzito, ambao ndani yake mna kemikali za jamii ya benzopireni zinazoweza kusababisha saratani. Moshi huo hupanda na kuganda juu ya nyama. Jiko jembamba mno, ambalo wavu wake u juu ya makaa moja kwa moja, halimpi mpishi pa kukimbilia. Bora lile ambalo makaa yaweza kusogezwa upande mmoja na nyama upande wa pili, na sinia la kukinga mafuta likawekwa chini ya nyama. Lile jiko la Tanga halikuwa na sinia wala kifuniko, na shuka la jirani lilikuwa ushahidi wa kutosha.

Sasa tufike kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Wanafunzi wamewahi kuona miale midogo ya buluu ikichezacheza juu ya jiko lililojaa mkaa. Hewa iingiayo chini hukutana na kaboni yenye moto na kufanya kabonidioksidi. Gesi hii ikipita katika makaa ya juu huchukua kaboni nyingine, na kila molekuli moja huwa molekuli mbili za kabonimonoksidi. Mwali wa buluu ni kabonimonoksidi inayoungua. Mwali huo ukipotea na makaa yakabaki mekundu, yametulia, bila moshi, watu husema moto umekuwa mzuri, tena salama. Kumbe gesi bado inatoka, ila sasa haiungui. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni huishika hemoglobini ya damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa hali mtu anapumua kama kawaida. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, usingizi huja; mgonjwa hudhani ni uchovu au malaria. Mtu wa namna hiyo atolewe mara moja kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali, ambako hupewa oksijeni.

Mwenye ua mdogo yumo hatarini zaidi kwa sababu mvua ikianza hana banda la kukimbilia, naye huingiza jiko barazani au jikoni, wakati mwingine chumbani, akifunga mlango ili maji yasiingie. Kufungua dirisha moja hakutoshi, na wala kufunika jiko hakusaidii. Kwa maoni yangu, nyumba isiyo na mahali pa wazi hata mita moja ya mraba, pasipo paa na mbali na madirisha, isinunue jiko la mkaa la kubanikia kabisa. Jiko la gesi halina makaa, lakini lina sharti lake: gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja katika ua uliozungukwa na kuta pande zote hulala chini kama maji, ikingoja cheche.

Kuhusu pipa lenyewe, muulize fundi lilibeba nini. La dawa za mimea au kemikali za kiwandani likataliwe hata likioshwa mara kumi. Lililobeba mafuta lichomwe kwa moto mkali mpaka rangi na utando wa ndani viishe, lakini kwanza fundi aliondoe mfuniko mzima bila kutumia gesi ya kuchomelea, kwa maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani umewahi kuua mafundi. Wavu usiwe wa chuma kilichopakwa zinki: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na makaa hupita hapo kwa mbali.

Kabla ya kulipa, msomaji afanye jaribio moja la mwisho nyumbani. Awashe kipande cha kumbi la nazi katika kopo, aliweke mahali anapokusudia kusimamisha jiko, na autazame moshi saa nane mchana, kisha tena saa mbili usiku. Wakazi wa pwani wataona tofauti: mchana upepo hutoka baharini kwenda nchi kavu, na usiku, nchi kavu inapopoa upesi kuliko maji, hugeuka. Jumapili ile, mwandishi alikuwa amepima upepo wa mchana, akabanika usiku.