Mpendwa Akichelewa Kurudi Kutoka Mlimani, Tuite Msaada Lini?

Tafakari ya Lk 2:41-50



Vijana wenzangu, leo nawashirikisha jambo lililonikuta nyumbani Mbagala wakati wa likizo. Mdogo wangu na wenzake watano wa kikundi cha vijana parokiani walikwenda Morogoro kupanda Bondwa, kile kilele cha Uluguru chenye minara ya mawasiliano. Walianza kupanda Jumamosi asubuhi. Walituambia saa kumi jioni watakuwa wameshateremka mjini.

Saa kumi na mbili, kimya. Saa moja usiku, simu haipatikani. Mama akaniuliza, "Frateri, tufanyeje?" (Tangu niingie seminari, hata Mama ananiita hivyo.) Nami, na digrii yangu ya falsafa, nikampa sababu tatu za kungoja: milimani mtandao unasumbua, vijana wanapenda kupiga picha, na tukisumbua watu halafu watoto wakatokea, tutaaibika. Nikamalizia, "Tumwachie Mungu, Mama."

Mama aliendelea kusali, lakini simu aliishika. Saa tatu akampigia mama wa kijana mwingine, kule Tandika. Kumbe naye alikuwa macho, akidhani sisi tuna taarifa. Wa tatu naye hivyo hivyo. Jamani, familia sita, kila moja ikiamini kwamba nyingine inajua! Basi Mama akampigia mwenyeji wao Morogoro, naye akaamsha viongozi wa mtaa. Watu wanaoijua njia wakapanda na tochi.

Waliwakuta baada ya saa sita usiku. Mmoja aliteguka kifundo cha mguu, wenzake wakakataa kumwacha, mvua ikawanyeshea wote. Mwingine, aliyelowa chapachapa, alikuwa ameacha kutetemeka na anaongea ovyo. Mimi nilidhani baridi ya kuua inahitaji theluji. Nguo mbichi na upepo vinatosha. Mtu aliyepoa mwili akiacha kutetemeka na kuanza kuchanganyikiwa, hali yake inazidi kuwa mbaya.

Wote sita ni wazima leo. Ila mimi nina deni la kuungama: kile nilichokiita imani usiku ule kilikuwa woga wa aibu.

Maria na Yosefu walidhani yupo

Mwinjili Luka anatuambia kwamba wazazi wa Yesu walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: kila mtu alidhani. Lakini walipomkosa, angalieni walichofanya. Waliuliza ndugu na jamaa. Wasipomwona, waligeuza njia, wakarudi Yerusalemu wakimtafuta. Na Maria hakuficha uchungu wake mbele ya walimu wa hekaluni. Mama yetu, aliyeamini kuliko sisi sote, alitafuta kwa miguu yake.

Kumjaribu Mungu

Shetani alimtaka Yesu ajitupe toka kinara cha hekalu, malaika wamdake (Mt 4:5-7). Yesu alikataa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba anayeacha msaada ulio mkononi mwake, akangoja Mungu peke yake amwokoe, anamjaribu Mungu.

Thoma huyohuyo, akimfuata Aristotle, anasema kuhusu busara: shauri lichukue muda wake, lakini likishakatwa, utekelezaji uwe wa haraka. Hapa ndipo nilipokosea. Nilianza kufanya shauri saa moja usiku, nikiwa na hofu. Shauri la lini tuite msaada lilipaswa kukatwa Ijumaa, kabla hawajapanda basi, wakati kila mtu ametulia. Jumamosi usiku ibaki kazi moja tu: kutekeleza.

Batian, 1970

Septemba 1970, madaktari wawili kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian, kilele kirefu cha Mlima Kenya, mita 5,199. Wakati wa kushuka Judmaier alianguka, akavunjika mguu vibaya. Oelz aliteremka kuomba msaada, kisha akapanda tena kukaa na rafiki yake. Wapandaji wa Kenya walijitosa. Baba yake Judmaier, kule Innsbruck, alihangaika mpaka kikosi cha uokoaji cha Austria kikasafiri. Baada ya zaidi ya wiki moja, mgonjwa aliteremshwa akiwa hai. Lakini rubani Jim Hastings alikufa helikopta yake ilipoanguka akiwasaidia.

Tunajifunza mambo mawili. Msaada huchukua muda kufika, kwa hiyo uitwe mapema. Na anayekuja kukuokoa naye ana mama. Ukishashuka salama, toa taarifa papo hapo, usije ukapandisha watu usiku bure.

Tufanye nini?

1. Kabla ya safari, mwandikie mtu mmoja nyumbani: majina yenu, njia, namba ya kiongozi wa msafara, saa ya kurudi.
2. Kubalianeni saa mbili. Saa ya kuuliza: kupigia familia zote na mwenyeji. Saa ya kuita: kupiga simu ya uokoaji, hata kama unaona haya. Kwa safari ya siku moja, saa ya kuuliza iwe kabla giza halijaingia.
3. Zimamoto na Uokoaji ni 114, Polisi ni 112. Kwa Kilimanjaro au Meru, piga pia kwa kampuni iliyowapeleka na hifadhi yenyewe.
4. Sema wako wangapi, nguo zao, ugonjwa wa yeyote, na ujumbe wa mwisho ulifika saa ngapi.
5. Ninyi mlio mlimani, jaribuni ujumbe mfupi; mara nyingine hupita pale simu inapokataa. Mkikwama, kaeni pamoja.

Sasa vijana wetu hawaondoki bila karatasi hiyo. Ya safari iliyofuata aliibandika Mama mwenyewe, ukutani karibu na picha ya Familia Takatifu.

Tusali: Ee Bwana, uliyetafutwa na wazazi wako kwa uchungu, utuondolee aibu inayotuzuia kuomba msaada. Uwalinde walio njiani, na wanaotoka usiku kuwatafuta. Amina.