Elimu kwa Umma: Ruta Hutafutaje Njia Waya wa Faiba Unapokatika?

Mkaazi anapofika ofisini Kachibora kulipia leseni ya biashara na kuambiwa mtandao umepotea, hudhani intaneti yote imezimika. Huenda ni waya mmoja tu uliokatika. Huduma inaweza kurudi baada ya sekunde chache au ikangoja mafundi kutwa nzima. Tofauti huletwa na mambo mawili: itifaki inayotumika, na kama kuna njia ya pili.

Ruta ni kifaa kinachoamua data ipitie wapi. Itifaki ni kanuni zinazoziwezesha ruta kupeana habari za njia. Itifaki za ndani hutumika katika mtandao wenye msimamizi mmoja, kama wa kaunti, benki au chuo kikuu. Kuunganisha mitandao ya wasimamizi tofauti ni kazi ya itifaki nyingine, BGP.

Tuchukue mfano wa kufundishia wenye ofisi tatu. Kachibora na Kitale zimeunganishwa moja kwa moja kwa redio yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Vilevile kuna faiba ya megabiti 100 kutoka Kachibora hadi Kaplamai, na nyingine kutoka Kaplamai hadi Kitale.

RIP. Itifaki hii, iliyochapishwa rasmi mwaka 1988, huhesabu hatua tu. Kila sekunde 30 ruta huwaambia majirani njia inazozijua. Redio ni hatua moja, faiba ni hatua mbili. Basi RIP huchagua redio, ingawa ni ya polepole. Isitoshe, mwisho wake ni hatua 15.

OSPF. Hii ilichapishwa mwaka 1989, na toleo la pili linalotumika sana likakamilishwa 1998. Kila ruta hutangaza viungo vyake kwa wenzake wote, hata zote zikawa na ramani moja. Kisha kila moja hutafuta njia ya gharama ndogo kwa mbinu ambayo Edsger Dijkstra aliichapisha mwaka 1959. Kwa kawaida gharama ni 100 ikigawanywa kwa kasi ya kiungo. Redio ni 10. Kila faiba ni 1. Kupitia Kaplamai jumla ni 2, kwa hivyo data hufuata faiba.

Faiba ikikatika. Tuseme jembe limekata waya kati ya Kaplamai na Kitale. Ruta za OSPF husalimiana, kwa kawaida kila sekunde 10. Jirani akinyamaza kwa sekunde 40, huhesabiwa hayupo; mwangaza ukizimika ghafla, ruta hugundua mapema zaidi. Habari husambazwa, ramani huchorwa upya, na Kachibora huhamia redio bila fundi kugusa kitu.

Lakini kama redio isingekuwepo, OSPF isingeokoa chochote. Itifaki huchagua njia, haijengi njia.

Zoezi. Baada ya waya huo kukatika, data ya Kaplamai itafikaje Kitale, na kwa gharama gani? *Jibu:* kupitia Kachibora; 1 + 10 = 11.

Wajibu wa mkaazi. Kabla ya kuchimba mtaro au shimo la nguzo kando ya barabara, uliza ofisi ya wadi kama kuna faiba chini. Ukiona waya umekatika, usiuguse wala kuuvuta. Mjulishe chifu au ofisi ya wadi mara moja.