TUMBO LA MBWA LISILOTULIA



Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu. Aliwatangulia ng'ombe, mbuzi na kuku kwa maelfu ya miaka. Wengi wetu tunaolala katika mabweni haya tumetoka katika nyumba zenye mbwa, na tukirudi likizo yeye ndiye anayetulaki njiani kabla ya wadogo zetu. Hata hivyo hatumjui sana. Ng'ombe akihara, mzee wa nyumba humwita afisa mifugo siku ile ile. Mbwa akihara, husemwa, "Mwacheni, huyo ni mbwa tu." Akihara tena na tena mpaka mbavu zikahesabika, husemwa amerogwa, au huamriwa auawe.

Nia ya makala haya ni kueleza kwamba tumbo linaloharibika mara kwa mara lina sababu yake, na kwamba sababu hiyo yaweza kupatikana kwa subira na kwa kuhesabu siku, hata katika nyumba isiyo na fedha nyingi.

1. Tumbo la mbwa lilivyo

Meno ya mbwa ni ya kurarua, na tumbo lake lina asidi kali ya kuyeyusha nyama. Lakini yeye si mla nyama tu. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga kuliko mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini, ambao ni jamaa zake. Maana yake ni kwamba kwa kuishi na wakulima miaka mingi, mbwa amejifunza kula chakula chao. Basi ugali si adui yake.

Ndani ya utumbo wake mna bakteria wengi wanaosaidia kusaga chakula. Bakteria hao huzoea chakula kinacholiwa kila siku. Mbwa aliyezoea ugali na dagaa akipewa ghafula sinia la mafuta na mabaki ya pilau ya harusi, utumbo hushtuka, naye huhara. Kwa hiyo chakula kipya kichanganywe kidogo kidogo na kile cha zamani kwa muda wa siku saba hivi.

2. Sababu zinazorudiarudia

Ya kwanza ni minyoo. Watoto wa mbwa huipata tumboni mwa mama au katika maziwa yake. Minyoo ya safura hunyonya damu, na fizi za mbwa huwa nyeupe. Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo akiwa na umri wa wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe wiki nane. Mbwa mkubwa afaa kupewa kila miezi mitatu.

Ya pili ni jalala. Mbwa anayezurura hula mizoga na vitu vilivyooza. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Vitunguu huharibu damu yake. Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kubwa zaidi, kwa kuwa yana sumukuvu, na sumu hiyo huharibu ini. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi nafaka isiyomfaa mtu kwa sababu ya ukungu isipelekwe kwa mbwa kwa kudhani kwamba yeye anaweza kuistahimili.

Ya tatu ni chakula kisichosagika. Mfano mzuri ni maziwa. Mtoto wa mbwa ana kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, lakini kwa mbwa wengi kimeng'enya hicho hupungua wakikua. Sukari isiyosagwa huteremka mpaka utumbo mpana, ikavuta maji, na bakteria wakaichachusha. Matokeo yake ni gesi, mngurumo na kuhara. Hapa kiasi ndicho kinachoamua: vijiko viwili huenda visimdhuru, bakuli likamdhuru.

Ya nne ni mzio wa chakula. Huu si sawa na ile ya tatu. Katika mzio, kinga ya mwili hukosea ikaidhania protini ya chakula kuwa adui, ikapigana nayo. Hata kipande kidogo chatosha kuanzisha vita. Mbwa wa namna hii mara nyingi huwashwa pia, akajikuna masikio na kulamba miguu mwaka mzima. Vyakula vinavyotajwa zaidi kuleta mzio kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Yafaa kukumbuka kwamba mbwa hupata mzio wa kitu alichokwisha kukila, pengine kwa miaka. Kwa hiyo kusema "amekula hiki siku zote" si ushahidi kwamba kitu hicho hakina hatia.

3. Mbwa aliyeugua kila Jumatatu

Mjomba wangu ana mbuzi na ng'ombe wawili wa maziwa karibu na Kongwa. Mbwa wake, jina lake Chui, ndiye mlinzi wa zizi, maana fisi hawako mbali. Chui akawa anahara mara kwa mara, na usiku mwingine hakuweza hata kusimama na kubweka. Alipewa dawa ya minyoo, haikusaidia. Mara tatu akanunuliwa dawa ya kuua bakteria; kila mara alipona baada ya siku mbili, kisha akaugua tena. Usiku mmoja mbuzi wawili wakachukuliwa. Mjomba akasema mbwa huyo hana kazi tena, afadhali auawe na atafutwe mwingine.

Binamu yangu, aliyekuwa Kidato cha Pili, akaomba apewe mwezi mmoja. Kila siku aliandika katika kalenda ya ukutani chakula alichopewa Chui na hali ya kinyesi chake. Baada ya wiki tatu jambo likawa wazi: Chui aliugua Jumatatu na Jumanne. Sababu ikaonekana. Mnunuzi wa maziwa hakuwa akija Jumapili, na maziwa yaliyosalia yalimiminwa katika bakuli la mbwa. Wakamnyima maziwa wiki mbili, akatulia. Wakampa kikombe kimoja kwa kujaribu, kesho yake akahara. Hukumu ikatoka, naye Chui akarudi kazini.

Angalieni jambo moja hapa. Ile dawa haikumponya hata mara moja. Alipona kwa sababu maziwa yalikuwa yamekwisha. Fedha zilipotea, na zaidi ya hayo, kutumia dawa hizo ovyo huwazoeza bakteria mpaka dawa zisifanye kazi tena, kwa wanyama na kwa watu.

4. Namna ya kupima

Kwanza, mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, na umzuie kwenda jalalani. Akiwa amehara kidogo tu lakini ni mchangamfu, mpe maji safi wakati wote, na wali laini wenye nyama ya kuku isiyo na mafuta, mifupa wala viungo, kidogo kidogo mara nne kwa siku, mpaka atulie.

Pili, ugonjwa ukirudi, chagua nyama moja na wanga mmoja ambao hajapata kula. Aliyekuzwa kwa ugali, ng'ombe na maziwa yaweza kumfaa nyama ya sungura na viazi vitamu vya kuchemsha. Asile kitu kingine chochote, hata tonge la mtoto. Tumbo mara nyingi hutulia katika wiki mbili hadi nne. Ngozi huhitaji wiki nane. Mtoto wa mbwa asijaribiwe hivi bila daktari wa mifugo, kwa kuwa chakula hicho hakina madini yote ya kumkuza.

Tatu, akipata nafuu mrudishie vyakula vya zamani kimoja kimoja, kila kimoja wiki mbili, na uandike. Kile kitakachorudisha ugonjwa ndicho cha kuachwa.

5. Wakati wa kutongoja

Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja ukiona damu, kinyesi cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, tumbo lililovimba ghafula, au mtoto wa mbwa aliyelegea. Huenda ni kirusi cha parvo, kilichoenea duniani tangu mwaka 1978, na ambacho kina chanjo. Usimpe dawa za maumivu za watu. Ibuprofeni huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Na mbwa anayetokwa na udenda, asiyeweza kumeza, usimtie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa.

6. Faida ni yetu pia

Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa katika udongo wanaochezea watoto, na minyoo hiyo huweza kuharibu hata jicho. Safura ya mbwa hupenya nyayo zilizo pekupeku. Tegu anayetokana na mbwa waliolishwa maini na mapafu mabichi yenye vifuko vya maji huleta uvimbe katika ini la mtu, kama inavyojulikana sana huko Turkana. Kwa hiyo anayelitunza tumbo la mbwa wake anawatunza wanawe.

Wenzangu, likizo inakaribia. Kalenda ipo ukutani, na kalamu tunayo. Wazee husema, mficha maradhi kilio humfichua. Na mbwa, kwa kuwa hana kinywa cha kusema, hawezi kutangaza yake. Tumwandikie sisi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne