Uhai Uliofichwa Katika Barafu

(Soma Ezekieli 37:1–14)

Twayajua majani yale mafupi, laini kama zulia, yameayo juu ya mawe na magogo penye unyevu. Hayana maua wala mizizi ya kweli. Walakini aina zake nyingine humea hata Antaktika, kusini kabisa mwa dunia. Maji yakiganda, hutulia. Barafu ikiyeyuka, hunywa na kuamka.

Katika kisiwa cha Signy wataalamu wa Uingereza waliyachimbua majani ya namna hiyo, yaliyoganda zaidi ya mita moja chini. Wakayaweka penye nuru, unyevu na joto la kadiri. Baada ya majuma machache yakachipua. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2014. Yalikuwa yamelala zaidi ya miaka 1,500!

Basi na tuangalie: hayakujiamsha yenyewe. Kwetu wako ndugu ambao imani yao imepoa, nasi twasema upesi, “Huyu amekwisha kufa, jina lake lifutwe.” Ni nani aliyetufunulia hayo? Twende tukabishe hodi kwake, tukampelekee Neno na upendo. Kuhuisha ni kazi ya Mungu. Kupeleka maji ni kazi yetu.